Muulize Mama Fundi: Mkongo wa waifai, paa kwa paa

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Goba. Shemeji yangu anakaa kando ya lami na amevutiwa faiba ya megabiti 40. Sisi wengine tuko bondeni, faiba haijatufikia na bando la simu linatumaliza. Tumekubaliana kuchangia gharama. Nikanunua kompyuta nne za mtumba Kariakoo, nikazitia Debian, aina ya Linux, na kila moja nikaichomeka kidude cha waifai cha USB. Nimeziunga kwa mfuatano: kwa shemeji, kisha kwa seremala mmoja, kama mita 400, kutoka hapo kwa jirani yangu, mita 500, halafu kwangu, mita 300. Zote zinaonana. Lakini kwa shemeji nikipima napata 40, kwa seremala 11, kwa jirani 4, kwangu 1.5, na mvua ikinyesha hata hiyo hakuna. Nimebadilisha programu za kutafuta njia, nimejaribu OLSR, nimejaribu batman-adv, hali ni ileile. Nitumie programu gani? *Mwalimu, Goba*

JIBU: Marahaba, mwalimu. Poleni na bando.

Programu ya njia haina kosa lolote, iache ilivyo. Nimeisoma barua yako nikitafuta jambo moja ambalo hukulisema wazi: kila kompyuta ina redio ngapi, yaani vifaa vya waifai? Kwa namba zako zinavyoporomoka, ni moja tu. Ugonjwa wa kwanza ni huo, na upo wa pili, nitaufikia.

Siku ya kumwaga zege la ghorofa umewaona vijana wamejipanga kwenye ngazi wakipeana karai. Wa katikati hawezi kupokea karai la chini huku mikononi ameshika jingine analompa wa juu. Kompyuta ya seremala iko hivyohivyo. Kila paketi, kile kipande cha data, inaipokea kutoka kwa shemeji, inaigeuza, inaituma kwa jirani, kwa redio ileile na chaneli ileile. Inapotuma, haisikii. Na kwa kuwa wote mko chaneli moja, jirani akiongea na wewe, seremala hana budi kusubiri.

Kwenye karatasi hesabu ni hii: mruko mmoja, yaani kutoka paa moja hadi linalofuata, unapata kasi yote ya redio, miwili nusu yake, mitatu theluthi. Mnyororo ukirefuka zaidi, nadharia inasema kasi ingetulia kwenye robo. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani waliigiza minyororo ya namna hii kwenye kompyuta mwaka 2001, wakaona waifai ya kawaida inashuka hadi karibu sehemu moja ya saba, kwa sababu kituo cha mwanzo kinasukuma paketi nyingi kuliko zile ambazo wa mbele wanaweza kuzipitisha, zinaishia kumwagwa njiani.

Sasa chukua namba zako. Seremala anapata 11. Kama tatizo lingekuwa redio moja peke yake, wewe wa mruko wa tatu ungepata theluthi ya hiyo, kati ya 3 na 4. Unapata 1.5. Halafu hata hiyo 11 ya seremala: mita 400 tu, faiba ina 40, mbona 29 zimepotea kwenye mruko wa kwanza, kabla hata ya kugawana na mtu? Hapo redio hazisikiani vizuri. Ukiniambia na mvua inakata kabisa, naona mwembe mbele ya antena. Mvua yenyewe haidhuru chochote kwenye masafa ya waifai kwa umbali wa mita 500. Majani yaliyolowa ndiyo yanayomeza mawimbi.

Kwa hiyo, mwalimu, kazi yako iko juu ya paa. Mimi nilianzia kwenye redio koli bandarini, kabla neno waifai halijafika mtaani, na tangu enzi hizo vijana wangu wamekuwa na tabia moja: kitu kikigoma wanakimbilia kubadilisha mipangilio, maana mipangilio inabadilishwa mtu akiwa amekaa.

Tuanze na redio. Kompyuta ya seremala na ya jirani zipate redio mbili za mkongo, ile njia kuu ya paa kwa paa, kila moja, moja ikitazama juu, nyingine ikitazama bondeni. Ya shemeji na yako, moja moja inatosha. Kila mruko uwe na chaneli yake. Mkongo uuweke kwenye GHz 5, na GHz 2.4 uwaachie simu na laptop za ndani, tena kwa redio nyingine kabisa, kwa sababu 2.4 ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na kila rauta ya mtaani iko humo. Anza na amri "iw reg set TZ" ili redio ijue iko nchi gani, kisha "iw list" ikuonyeshe chaneli zilizoruhusiwa na zilizofungwa. Kama 149 na 161 zimo, mruko wa kwanza upe 149, wa pili 161, wa tatu rudia 149. Na zile antena mbili za paa moja usizifunge bega kwa bega: achanisha mita moja au zaidi, moja juu, moja chini ya bomba. Redio ikipiga kelele sentimita 20 kutoka kwenye sikio la mwenzake, chaneli tofauti haitasaidia kitu.

Vile vidude vya USB, mwalimu, vitumie ndani kwa waifai ya nyumbani au mpe mtoto ajifunzie. Antena yake ni ya kidole, imekaa nyuma ya kompyuta, kompyuta iko chini ya bati. Bati ni ukuta wa chuma. Ukitaka kubaki na redio ndani ya kompyuta, tafuta kadi ambayo draiva yake imo ndani ya kerneli yenyewe, kile kiini cha Linux. Zile za Atheros zinazotumia ath9k zimethibitika miaka mingi, na za MediaTek zinazotumia mt76 nazo ni nzuri. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji uchomeke kwenye laptop yako palepale dukani, andika "iw list" na utazame orodha ya "Supported interface modes". Usipoona "AP" (kituo kinachopokea wateja) wala "mesh point" (kituo cha wavu), rudisha kwa heshima. Muuzaji atakwambia "hii inakubali Linux, dada alinunua juzi". Mwitikie, halafu tazama orodha.

Kuna gharama ya waya ambayo wengi hawaijui. Waya wa antena wa kawaida, RG58, unakula karibu desibeli moja kwa kila mita kwenye GHz 2.4, na kwenye GHz 5 unakula zaidi. Kompyuta sebuleni, antena juu ya paa, waya mita 10: umebaki na sehemu moja ya kumi ya nguvu yako kabla haijatoka nje ya nyumba. Ndiyo maana mimi nakushauri ununue redio za nje zilizoungwa na antena yake, zile nyeupe za Ubiquiti, MikroTik au TP-Link ambazo umeshaziona kwenye nguzo za mjini. Zinapandishiwa waya wa mtandao tu, ambao unafika mita 100 bila kupoteza kitu na unabeba umeme wake humohumo. Kompyuta yako ya Linux inabaki ndani kwenye kivuli, inafanya kazi ya kuelekeza njia, ina kadi za waya mbili au tatu. Usinung'unike kwamba umeacha Linux: RouterOS, mfumo unaoendesha vifaa vya MikroTik, imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na nyingi ya redio hizo zinakubali kuwekewa OpenWrt, Linux ya rauta.

Kabla hujapanda, piga hesabu ya njia. Redio inatoa dBm 20, ndiyo nguvu ya kutuma. Antena ya bapa inaongeza dBi 14 huku, nyingine dBi 14 kule. Hewa ya mita 500 kwenye GHz 5.8 inakula desibeli 102. Toa nyingine 3 za viunganishi. Jibu ni dBm −57, nguvu inayofika upande wa pili; ikikaribia sifuri ndiyo bora. Andika namba hiyo kwenye karatasi, maana ndiyo utakayoidai juu ya paa. Ukipata −60, shukuru. Ukipata −75, kuna kitu njiani, usiseme "si mbaya".

Na kitu hicho si lazima kiwe kimezuia macho. Mawimbi hayapiti kwenye uzi mwembamba, yanajaa katikati ya njia. Kwa mita 500 na GHz 5.8 yanatanuka hadi mita 2.5 kila upande wa mstari, na unatakiwa uache wazi walau asilimia 60 ya hapo, yaani mita moja na nusu. Unaweza kuiona antena ya jirani vizuri kabisa juu ya ncha za mwembe na bado mwembe ukakuharibia. Ongeza bomba, au zungumza na mwenye mwembe kwa adabu baada ya msimu wa maembe.

Kuelekeza antena ni kazi ya watu wawili wenye simu. Mmoja anapanda mapema asubuhi, kabla msauzi haujaanza kuchoma magoti, na kina dada mnaoniandikia, ni suruali, siyo dera. Mwenzake anabaki chini na laptop, anaandika "watch -n1 iw dev wlan1 station dump", na kati ya mistari yote ile anasoma mmoja: "signal". Wa juu anazungusha antena upana wa kidole, anasimama, anahesabu hadi tano kimoyomoyo, anauliza "ngapi?" Wa chini anataja namba bila maneno mengine, siyo "imepanda kidogo", siyo "hapo hapo". Namba tu. Itatoka −80, itapanda −72, itaanza kushuka, na hapo wengi wanafurahi wanakaza bolti. Hicho ni kilele cha uongo. Antena ina vilele vidogo pembeni na kimoja kikubwa katikati. Endelea kuzungusha, ishuke hadi −79, kisha utaona −66, −60, −57, halafu ianze tena kushuka. Rudi katikati, kaza nusu. Sasa fanya hivyohivyo juu na chini, kwa sababu Goba ni vilima, na antena iliyosimama wima kule kwa shemeji inamrushia mtu wa Mbezi. Ukikaza bolti kabisa, soma tena. Kukaza kwenyewe kunasogeza.

Baada ya hapo ndipo utazame "tx retries" na "tx failed" kwenye orodha hiyohiyo. Signal ikiwa nzuri lakini marudio yanapanda mbio, kuna mwingine kwenye chaneli yako, hama.

Pima kila mruko peke yake kwa iperf3, programu ya kupima kasi kati ya kompyuta mbili: shemeji na seremala, seremala na jirani, jirani na wewe. Usipime kwa tovuti ya kupima kasi ukiwa kwako, haitakwambia ni mruko gani unaumwa.

Sasa programu, ulikotaka kuanzia. Mnyororo wenu hauna njia ya pili. Paketi ya kwako haiwezi kwenda popote isipokuwa kwa jirani. Unamwekea nani programu ya kutafuta njia? Andika njia kwa mkono. Kila mruko mpe mtandao wake mdogo: 10.20.1.0/30 kati ya shemeji na seremala, 10.20.2.0/30 unaofuata, 10.20.3.0/30 wa mwisho. Ndani ya nyumba mjipange 192.168.10.0/24 kwa shemeji, 20 kwa seremala, 30 kwa jirani, 40 kwako. Washa "net.ipv4.ip_forward=1" kwenye kila kompyuta, na njia ya msingi ya kila mmoja ielekee kwa aliye juu yake.

Wengi wanaishia hapo, kisha wananipigia: "Mama, paketi zinatoka hazirudi." Hazirudi kwa sababu kompyuta ya shemeji haijui 192.168.40.0 iko wapi. Kila mtandao wa ndani lazima uwe na njia ya kurudi kwenye kila kituo kilicho juu yake. Kwa shemeji: "ip route add 192.168.40.0/24 via 10.20.1.2". Kwa seremala: "ip route add 192.168.40.0/24 via 10.20.2.2". Na hivyohivyo kwa 20 na 30. Kubadilisha anwani kwenda za nje, NAT, kufanyike kwa shemeji tu, mahali pamoja. Ukiweka NAT kila kituo mambo yataonekana yanaenda, lakini siku ya kutafuta kosa hutajua paketi ni ya nani. Ukimaliza, yaandike hayo kwenye /etc/network/interfaces, maana amri za "ip" zinafutika kompyuta ikizimwa.

Usijaribu kuunganisha redio ya mteja, ile inayojiunga kwa nyingine, na waya wa ndani kama swichi moja. Waifai ya mteja inabeba anwani tatu kwenye kila fremu (kifurushi cha hewani); ya kompyuta iliyo nyuma yake haina pa kukaa, kwa hiyo haipiti mpaka pande zote mbili ziwashiwe hali ya 4addr, ya anwani nne. Kuelekeza njia kwa IP ni kazi kidogo zaidi siku ya kwanza na amani siku zote zinazofuata.

SWALI: Habari za kazi, mama. Sisi ni vijana wa Kigamboni, tuna nyumba tisa zinazoonana ovyo ovyo, siyo kwa mstari. Wengine wanaona tatu, wengine moja. Hapo je, programu ya njia inahitajika? Na ipi kati ya 802.11s, batman-adv, OLSR na Babel? *Vijana wa Kigamboni*

JIBU: Nyinyi ndiyo. Njia zikiwa zaidi ya moja, mashine ichague yenyewe, kwa sababu saa nane usiku umeme ukikatika nyumba ya tatu hakuna atakayeamka kuandika njia upya.

OLSR ni ya zamani kuliko hizo nyingine, ilichapishwa kama RFC 3626 mwaka 2003. Watu wa Freifunk, mtandao wa jamii wa Berlin kule Ujerumani, waliitumia sana hadi ikawaelemea vituo vilipoongezeka, na mwaka 2006 wakaanza yao, B.A.T.M.A.N. Toleo lake la batman-adv limo ndani ya kerneli ya Linux tangu 2.6.38 ya mwaka 2011. Hilo linafanya nyumba zote tisa zionekane kama zimechomekwa kwenye swichi moja, ndiyo raha yake na ndiyo balaa lake: simu moja ikipiga kelele kutafuta printa, kelele inafika paa zote tisa. Kwa nyumba tisa mtavumilia. Kumbukeni tu kwamba linaongeza baiti 32 kwenye kila fremu, kwa hiyo MTU ya redio, ukubwa wa juu wa paketi, iwe 1532. Msipofanya hivyo linakata paketi vipandevipande na mtajiuliza kasi imekwenda wapi.

802.11s nayo imo kwenye kerneli na ina usalama wake wa SAE, nzuri kama redio zote ni za aina moja. Babel inafanya kazi kwenye IP, haina makuu, inajali ubora wa waifai, na inachanganya waya na redio bila kulalamika. Mkinilazimisha, kwa mkongo mimi nachukua Babel, na waifai ya ndani ya kila nyumba ibaki mtandao wake.

Msichague chochote kinachohesabu miruko tu. Kitu cha namna hiyo kitapenda mruko mmoja mrefu mbovu kuliko miwili mifupi mizuri. Watafiti wa mradi wa Roofnet, waliotandaza redio juu ya mapaa ya Cambridge huko Massachusetts, walilieleza mwaka 2003 kwa kipimo cha ETX, ambacho kinahesabu paketi moja inatumwa mara ngapi mpaka ifike. Mruko unaopoteza nusu ya paketi ukienda na nusu ya majibu ukirudi, ETX yake ni 4, kwa hiyo miruko mitatu safi inaushinda. Babel kwenye waifai inahesabu hivyo.

Na hata hapo, redio moja kila nyumba ni ileile hadithi ya mwalimu wa Goba. Chagueni nyumba tatu au nne zenye ghorofa ziwe mkongo wenye redio mbilimbili, wengine wajishike kwao.

SWALI: Mama Fundi, nina duka la kutoa kopi Mbagala Rangi Tatu. Kompyuta yangu ndiyo ya katikati, inapitisha intaneti ya wenzangu watatu walio nyuma yangu. Umeme ukikatika wananipigia mimi kana kwamba mimi ndiye mwenye nguzo. Ukirudi, kompyuta haiwaki mpaka nije kuiwasha. Na LUKU ni yangu. *Mwenye duka, Mbagala*

JIBU: Pole mdogo wangu. Tuanze na LUKU kwa sababu hiyo ina ushahidi. Kompyuta kubwa ya zamani ya mezani ikila wati 60 mchana na usiku, mwezi ni yuniti 43. Kijikompyuta kidogo kisicho na feni, vile vilivyokuwa vya ofisini na sasa viko kwenye mitumba, kinakula kama wati 10: yuniti 7. Wapelekee wenzako hizo namba mbili kwenye kikao na uwaambie wachague kuchangia yuniti au kuchangia kijikompyuta. Kazi ya kupitisha paketi za megabiti 40 haihitaji zaidi ya hapo.

Betri inafuata. Kijikompyuta wati 10 na redio mbili za wati 6, jumla 22. Betri ya 12 V na Ah 100 ina Wh 1,200, lakini ya maji ya tindikali usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una 600. Gawa kwa 22: saa 27, ukitoa upotevu bado ni mchana na usiku mzima. Kompyuta kubwa hiyohiyo ya wati 60 kwa kupitia inveta inakula kama 70 kwa jumla, unapata saa nane na kidogo, bado hujahesabu redio. Inveta iruke kabisa kama unaweza. Lisha vifaa kutoka kwenye betri kwa kibadilisha volti, kwa sababu betri ikiwa inachajiwa inafika volti 14 na zaidi, na vifaa vingi vya 12 havipendi.

Kutowaka kwenyewe: ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla Linux haijawaka, tafuta sehemu ya umeme yenye maneno kama "Restore on AC Power Loss", weka "Power On". Basi. Kisha fanya diski iwe ya kusoma tu, kwa overlayfs, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika usije ukakuta faili zimevurugika. Rekodi ziende kwenye kumbukumbu ya muda. Kompyuta ya mkongo haina cha kuandika usiku.

SWALI: Nikiuza hiyo intaneti kwa majirani kuna shida? *Tabata*

JIBU: Ndiyo. Kuchangia bili na ndugu ni jambo moja, kutoza watu ni jingine. Ukitoza umekuwa mtoa huduma, na mtoa huduma anatakiwa awe na leseni ya TCRA chini ya sheria ya mawasiliano ya elektroniki na posta ya mwaka 2010. Soma pia mkataba wa faiba yako, mikataba mingi ya nyumbani inakataza kuisambaza nje ya nyumba, hata bure. Mwalimu wa Goba na shemeji yake nao wausome. Na kumbuka jina lililoko kwenye mkataba ndilo litakaloulizwa jirani akifanya uhalifu wake mtandaoni.

SWALI: Shikamoo. Niko Kunduchi, karibu na bahari. Viunganishi vya antena vinaota kutu kabla ya mwaka. *Msomaji, Kunduchi*

JIBU: Marahaba. Chumvi hiyo, upepo wa kusi unaileta mpaka ndani ya kabati. Kila kiunganishi kizungushie kwanza utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukiuvuta mpaka urefuke mara mbili, kuanzia chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji. Juu yake utepe wa kawaida, kulinda mpira na jua. Silikoni ya madirishani, ile inayonuka siki, usipake. Siki hiyo inakula shaba. Waya unaoingia ndani uache uning'inie chini ya tundu kabla haujapanda kuingia, maji yadondokee hapo. Bomba liwe na nondo yake ardhini na waya mnene, maana masika na vuli vinakuja na radi.

SWALI: Mama, mimi ni mwanafunzi, nakaa hosteli Ubungo. Nataka kujifunza haya yote lakini nina laptop moja na sina paa. *Mwanafunzi*

JIBU: Laptop moja inatosha. Kerneli ya Linux ina redio za kuigiza. Andika "modprobe mac80211_hwsim radios=4" na utaona redio nne zisizoshikika, lakini iw, hostapd na batman-adv zinazikubali kama za kweli. Tengeneza vyumba vinne kwa "ip netns add", kisha hamishia kila redio chumba chake, kwa mfano "iw phy phy1 set netns name kituo2". Umepata vituo vinne ndani ya mashine moja.

Zikiwa chaneli moja, redio hizo zote zinasikiana, kwa hiyo huna mnyororo bado. Programu ya wmediumd ndiyo inayokuwezesha kusema wa kwanza amsikie wa pili tu, wa pili amsikie wa kwanza na wa tatu, na kadhalika, hata kuweka upotevu wa paketi. Fanya mazoezi ya zile njia za kurudi za mwalimu wa Goba, ua kituo cha tatu, tazama Babel inachukua sekunde ngapi kuhama ukiwa umeiwekea njia ya pili. Kasi utakayoiona humo usiiamini, redio hizo hazigombei hewa kama za kweli. Likizo ikifika nenda Goba, mwalimu anahitaji mtu wa kukaa chini na laptop akitaja namba.